Kidole Gumba, Pampu na Barabara ya Moshi

Kwa miaka sita niliendesha baiskeli ya resi nikiwa na imani moja isiyotikisika: tairi ikiwa ngumu kama jiwe, mwendo unakuwa mkali. Kila Jumamosi alfajiri, kabla ya kutoka Arusha kuelekea Moshi, nilisimama uani na pampu ndefu ya kusimamisha chini, nikajaza upepo mpaka mshale wa geji ugote kwenye psi 120, psi ikiwa ndiyo kipimo cha upepo wa tairi. Tairi zenyewe zilikuwa nyembamba, milimita 23, jinsi zilivyokuja na baiskeli ya mtumba niliyoinunua. Nikizipiga kwa ukucha zilitoa mlio kama wa ngoma iliyoanikwa juani, na mlio ule ulinipa raha. Nikifika Bomang'ombe, vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vimekufa ganzi, shingo inauma, macho yanacheza kwenye matundu yake. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo gharama ya kasi.

Haikuwa hivyo. Ile ilikuwa kasi yenyewe inavuja. Kila mtetemo uliopanda kutoka lami hadi kwenye mabega yangu ulikuwa ni nguvu iliyotoka miguuni, ikapita kwenye pedeli na mnyororo, halafu badala ya kunisogeza mbele ikaishia kunitikisa nyama. Nimechelewa kulijua jambo hili, na kila wiki naona vijana wanaoanza mchezo huu wakilirudia kosa lile lile kwa bidii ile ile. Ndiyo maana nimeona nitumie ukurasa huu kuzungumzia vitu viwili ambavyo watu hawavipi muda: unene wa tairi na kiasi cha upepo.

Nianze na fundi wangu, mzee ambaye ana kibanda chake chini ya mti, karibu na soko. Amezeeka na spana mkononi. Yeye hana geji. Akijaza tairi huibonyeza kwa kidole gumba, akitikisa kichwa anaongeza, akinyamaza basi imetosha. Kwa baiskeli nyingi zinazopita mikononi mwake kipimo hicho kinatosha kabisa. Ni zile baiskeli nyeusi za chuma, zenye tairi nene za karibu milimita 40, zinazobeba gunia la mahindi au kreti za soda. Upepo wake si mkali sana, na kidole chenye uzoefu kinaweza kuusoma. Tena mzigo wa kilo 100 nyuma unadai tairi iliyoshiba. Ukiilegeza, rimu inagonga chini kwenye shimo la kwanza. Mzee yuko sahihi kwa kazi ile.

Shida inaanza anapoletewa baiskeli ya resi. Tairi nyembamba ikishavuka psi 70, kidole gumba hakiwezi tena kutofautisha 80 na 120. Zote ni mbao tu. Na kwa kuwa vali ya tyubu za resi ni ile nyembamba ya kichwa cha kufungua, ambayo pampu nyingi za vibandani haziishiki bila kipande kidogo cha shaba cha kuunganishia, kijana mwenye baiskeli huishia kwenye kompresa ya gereji ya magari. Huko upepo unaingia kwa kishindo. Tairi ya resi ina nafasi ndogo mno ndani, kwa hiyo sekunde mbili zinatosha kuipitisha mahali inapopaswa kuishia. Nimeshaona moja ikipasuka mbele ya macho yangu, na mlio wake uliwatoa watu kwenye mgahawa wa jirani.

Basi kwa nini tuliamini kwamba ngumu ndiyo yenye kasi? Imani ile haikutoka hewani. Tairi ikizunguka, sehemu inayogusa chini hujikunja na kujikunjua, na kila mkunjo unapoteza nguvu kidogo kama joto. Viwandani walipima upotevu huo kwa kuzungusha tairi juu ya pipa la chuma lililo laini. Juu ya pipa lile, ukiongeza upepo mkunjo unapungua, na upotevu unapungua. Kila psi inayoongezwa ni faida. Grafu inashuka vizuri, watu wanaandika namba kubwa ubavuni mwa tairi, na mteja ananunua.

Lakini pipa la chuma halina kokoto. Na juu yake hakuna mtu.

Kasoro hiyo iliwasumbua watu kadhaa, akiwemo Jan Heine, mhariri wa jarida la Bicycle Quarterly huko Seattle, Marekani. Yeye na wenzake, miaka ya 2000, waliitoa tairi maabara wakaipeleka barabarani na mwendeshaji juu yake. Walijaribu hata kwenye yale matuta madogo ya pembeni mwa barabara kuu, ambayo sisi Tanzania tunayaita rasta. Walipima nguvu inayohitajika kushika mwendo ule ule kwenye lami laini na kwenye rasta, wakakuta tofauti inaweza kuvuka wati 200. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni nguvu yote aliyo nayo kwa safari nzima. Nguvu hiyo haikupotelea kwenye mpira wa tairi, ilipotelea kwenye mwili unaotikiswa. Misuli, mafuta na viungo vinasuguana, vinapata joto, na nishati inakwisha humo humo.

Rasta ni mfano wa kupita kiasi, nakubali. Lakini angalia barabara zetu nyingi zisizo kuu. Zimewekwa lami nyepesi, yaani kokoto zilizomwagwa juu ya lami ya moto zikashindiliwa, na uso wake unabaki na meno. Ukiendesha hapo na tairi ya psi 120 unapigwa vijirasta vidogo mamia kwa mamia kila dakika. Tairi iliyolegezwa kidogo inakimeza kila kijiwe kikapita chini yake. Tairi ngumu inalazimika kupanda juu ya kijiwe, ikikuinua wewe na baiskeli yako nzima, halafu kukuangusha.

Kutoka kwa Josh Poertner, mhandisi anayeongoza kampuni ya pampu ya Silca, nilijifunza jambo ambalo lilinifungua macho kuliko yote. Ukipanga upotevu wa nguvu barabarani dhidi ya kiasi cha upepo, mstari unashuka polepole kadiri unavyojaza, kama ilivyokuwa kwenye pipa. Halafu inafika nukta fulani mstari unageuka na kupanda kwa kasi. Lami ikiwa laini, nukta hiyo iko juu. Lami ikiwa na meno, nukta inashuka. Muhimu zaidi ni kwamba pande mbili za nukta hazilingani: ukikosea kwa psi 10 chini yake unapoteza kidogo sana, ukikosea kwa psi 10 juu yake unapoteza zaidi. Kwa hiyo mtu asiye na uhakika, na karibu sote hatuna uhakika, ana heri akosee kwa kulegeza.

Hapa unene unaingia. Watu hudhani tairi nene inahitaji upepo mwingi kwa sababu ni kubwa. Ni kinyume, na mtoto yeyote mwenye puto anaweza kukuonyesha. Lipulize puto mpaka libakize kile kichuchu kidogo nchani. Upepo wa ndani ni ule ule mmoja, lakini tumbo la puto limekaza kama ngozi ya ngoma huku kichuchu bado ni laini. Kitu kipana hukaza haraka kuliko kitu chembamba kwa upepo ule ule. Tairi ya milimita 28 kwa psi 75 inakaza sawa na ya 23 kwa psi zaidi ya 90. Ukijaza tairi nene psi zile zile za tairi nyembamba, umejitengenezea kitu kigumu zaidi ya kile ulichokuwa unakikimbia, halafu utasema tairi nene hazifai.

Kuna faida nyingine isiyoonekana kwa macho. Baiskeli inagusa ardhi kwa eneo dogo ajabu. Kwa psi 80, tairi ya nyuma inakanyaga eneo pungufu ya nusu ya kiberiti. Ukichukua tairi mbili, nene na nyembamba, zenye upepo sawa na mzigo sawa, eneo hilo linalingana. Kinachotofautiana ni umbo. La nyembamba ni refu kama punje ya mchele, la nene ni fupi na pana. Umbo fupi linakunja ubavu wa tairi kwa kiasi kidogo kuliko lile refu, na ndiyo sababu tairi nene haina haja ya kuona haya hata juu ya pipa la chuma.

Ukirudi nyuma kwenye historia unakuta jambo hili lilijulikana siku ya kwanza. John Boyd Dunlop alikuwa daktari wa mifugo, Mskoti aliyeishi Belfast. Mwaka 1887 alizungushia mpira wenye upepo kwenye magurudumu ya baiskeli ya matairi matatu ya mwanawe, ili mtoto asitikiswe na mawe ya barabara. Nia yake ilikuwa ulaini. Lakini katika majaribio yake gurudumu lenye upepo lilikwenda mbali kuliko gurudumu lisilo na upepo. Mwaka 1889 Willie Hume alipanda baiskeli yenye tairi hizo huko huko Belfast akawaacha wenzake waliokuwa kwenye mpira mgumu. Ulaini na kasi vilizaliwa pamoja, tumbo moja. Sisi ndio tuliovitenganisha baadaye.

Siwezi kuitaja miaka ile bila kusema hili: tairi hizo ziliamsha njaa ya mpira duniani, na sehemu ya njaa hiyo ililishwa kwa damu ya watu wa Kongo, katika dola binafsi ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, 1885 hadi 1908. Vijiji vililazimishwa kuleta utomvu wa mpira kwa mijeledi na bunduki. Kila nikishika tairi hukumbuka kwamba raha yetu ya magurudumu laini ilianza na mzigo huo juu ya migongo ya jirani zetu.

Tukirudi kwenye ulaini na kasi, hata waendeshaji wa kulipwa walichelewa kuona kwamba vinakwenda pamoja. Mbio za Paris–Roubaix, zilizoanza mwaka 1896, hupita kwenye takriban kilomita 55 za barabara za mawe kaskazini mwa Ufaransa. Miongo na miongo waendeshaji walifika huko na tairi nene walizozilegeza, kwa kuwa bila hivyo hawamalizi. Wiki inayofuata, wakirudi kwenye lami, walivalisha tena nyembamba na kuzijaza mpaka zilie. Ukweli ulikuwa mbele yao mara moja kila mwaka, lakini waliuona ni dawa ya mawe tu. Ilichukua mpaka miaka ya 2010 ndipo 23 ikaipisha 25, kisha 28, na leo ni kawaida kuwakuta kwenye 28 hadi 32 hata kwa mbio za lami. Septemba 2025, mashindano ya dunia yalipokuja Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika, nilikaa mbele ya televisheni na daftari. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, zikipanda na kushuka vilima siku nzima, na mpando wa mawe wa Kimihurura ukirudiwa kila mzunguko. Alishinda Tadej Pogačar wa Slovenia. Mimi, lazima nikiri, nusu ya muda nilikuwa natazama magurudumu.

Sasa tuje kwenye pampu. Msingi wa hesabu ni uzito wote unaobebwa na tairi: mwili, nguo, chupa za maji, baiskeli. Chukua jumla ya kilo 80 kwenye lami ya kawaida yenye viraka. Kwa tairi ya 25 ningejaza karibu psi 85 nyuma. Kwa ya 28, karibu 72. Kwa ya 32, karibu 58. Mbele punguza psi 3 hadi 5, kwa sababu gurudumu la nyuma ndilo linalobeba zaidi, na ulaini wa mbele ndio unaookoa mikono. Kila kilo 5 zikipungua au kuongezeka, sogeza psi 4 hivi kuelekea upande huo huo. Lami ikiwa na meno, au mvua ikiwa imenyesha, toa nyingine 5. Wanaosoma bar wagawanye kwa 14.5. Hizi ni namba za kuanzia tu, na miguu yako itazirekebisha.

Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi isikuongoze. Ile ni mwisho wa uwezo wake. Dada mmoja tunayeendesha naye ana kilo 52. Tairi zake za 25 zimeandikwa 115, na kwa mwaka mzima alijaza 110 kwa kuwa mwanamume mmoja wa kilo 90 alimwambia ndivyo anavyofanya. Alikuwa akishuka mteremko anatetemeka, tunamsubiri chini, na kila mtu alidhani ni woga. Siku ya manyunyu gurudumu la mbele likamteleza kwenye kona na kumchubua paja lote. Tulipokaa na kupiga hesabu, uzito wake wote na baiskeli ulikuwa kilo 62, na upepo uliomfaa ulikuwa karibu 70. Alikuwa amebeba ziada ya psi 40 na lawama ya woga juu yake. Wiki iliyofuata alishuka mbele yangu. Jambo hili linaniuma, kwa sababu ushauri wa tairi karibu wote hutolewa na watu wazito kwa watu wepesi.

Kulegeza nako kuna mwisho. Upepo ukizidi kupungua, ukigonga ukingo wa shimo rimu inabana tyubu dhidi ya lami na kukuachia matundu mawili yaliyopangana. Ukiona pancha ya namna hiyo ongeza psi 5. Na kama kwenye kona baiskeli inayumba kama mtu aliyevaa viatu vikubwa, ongeza pia. Kipimo kizuri cha nyumbani kilitokana na kazi ya Mmarekani Frank Berto: tairi iliyo sawa inazama asilimia 15 hivi ya kimo chake ukiikalia. Egemea ukuta, mwenzako apime kwa rula kutoka chini hadi ukingo wa rimu kabla na baada ya kukaa. Kwa tairi ya 28 unatafuta tofauti ya milimita 4. Rula ya shule inatosha.

Na geji? Nyingi za bei nafuu zinadanganya, lakini zinadanganya kwa uaminifu, uongo ule ule kila siku. Tumia pampu moja, andika namba inayokupendeza, rudi kwenye namba hiyo hiyo. Pima kabla ya kila safari, kwa sababu tyubu za kawaida huvuja psi kadhaa kwa wiki bila pancha yoyote. Wenye rimu za kisasa zisizo na ndoano ya ndani ya kushikilia ukingo wa tairi wana sheria yao: wasivuke bar 5, yaani psi 72 na kidogo, tairi isije ikachomoka. Kama rimu yako ni hiyo na uzito wako unadai zaidi, nunua tairi nene.

Neno la mwisho kuhusu ukubwa, kwa sababu niliwahi kulipia ujinga wangu. Niliingia duka moja la vipuri nikaomba tairi ya 28, nikimaanisha milimita 28. Muuzaji akanipa 28, akimaanisha inchi, ile ya baiskeli nyeusi. Nilihangaika nayo jioni nzima. Baiskeli za mizigo zenye alama 28 × 1½ hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635. Resi za sasa, zinazoitwa 700C, ni 622. Na resi kuukuu za inchi 27 zinazokuja na makontena ni 630. Hata milimita 8 haziwezi kulazimishwa kwa vijiko wala sabuni. Tafuta ubavuni namba mbili zilizounganishwa kwa kistari, kama 28-622. Ya kwanza ni unene, ya pili ni kipenyo cha kukalia rimu, nayo haina tafsiri mbili. Hata hivyo ule unene ni wa makadirio: kwenye rimu pana, tairi iliyoandikwa 25 inaweza kutuna ikafika 27. Pima unene wenyewe kabla hujaamini kwamba fremu itaipokea.

Fremu ndiyo yenye kauli ya mwisho. Baiskeli za resi za zamani zenye breki za kubana rimu nyingi hukomea kwenye 25 au 28. Nafasi ninayoitaka mimi ni milimita 4 wazi kila upande, kwa ajili ya kokoto inayoganda kwenye tairi, na kwa gurudumu linalopinda kidogo spoku ikikatika mbali na nyumbani.

Baiskeli niliyo nayo sasa ina breki za diski na tairi za 28, psi 72 nyuma na 68 mbele. Jumamosi iliyopita nilifika Moshi na vidole vyote kumi vikiwa hai. Jana nilimpelekea mzee abadilishe spoku mbili. Alipomaliza akabonyeza tairi ya mbele kwa kidole gumba, akanitazama. "Hii haijashiba, mwanangu." Nikamwambia, "Iache hivyo hivyo, mzee." Akaibonyeza tena, mara hii polepole zaidi, akaiacha. Kisha nikaazima seti yake ya alenki, nikapitisha moja moja kati ya tairi na uma. Ya 5 ilipita bila kugusa. Ya 6 ilikwama. Kwa hiyo 30 itaingia, 32 haitaingia.